Nilivyomsuka Guka

Nafula wangu,

Mulembe. Unaona sijaisahau salamu ya kwenu. Ulinifundisha siku ya kwanza nilipohamia ile ploti ya vyumba vya kupanga ya Makongeni, Thika, tukiwa kwenye kamba ya nguo, ukaniambia jirani asiyejua kunisalimia kwa lugha yangu hapati kitunguu changu. Nikajifunza siku hiyo hiyo. Mimi si mtu wa kukosa kitunguu.

Nimekuota tena. Safari hii ulikuwa umekuja huku kwangu Ruiru, umekaa kwenye kile kiti chako kifupi cha mbao, katikati ya shamba la kahawa. Mvua ilikuwa imenyesha na kahawa yote imetoa maua, meupe, kama mtu amepita juu akimwaga unga, na ile harufu yake tamu ambayo inakufanya usahau ulikuwa unaenda wapi. Watoto walikuwa wanatambaa chini ya mikahawa, wengi sana, na kila mmoja akikufikia anashika leso yako anasimama. Ulikuwa unaniambia kitu. Mdomo wako unaenda, mikono yako inaenda, lakini sauti inanifikia kama ya mtu anayeongea ndani ya tangi la maji. Nikasema, Mama Wekesa, ongeza sauti. Ukatabasamu, ukaendelea vile vile. Nikakasirika. Nakuambia nilikasirika mpaka nikaokota udongo nikurushie.

Nikaamka mkono wangu umekunjwa ngumi.

Nikakaa kitandani nikasema, kumbe. Kumbe ndivyo ilivyokuwa kwa kijana wangu.

Ndiyo maana naandika. Wewe ndiye ulisema mtu akiwa na neno limekwama alitoe hata kwa kalamu. Kalamu si kazi yangu, nilifika darasa la nane nikaishia hapo, ingawa mwandiko wangu ulisifiwa shule nzima, mwalimu alikuwa ananiita niandike ubaoni wengine waone. Umeanza kucheka. Najua. Nimeacha.

Nina habari yako, lakini nitaiweka kando kwanza. Nikikupa sasa hutasikiliza mengine, na hayo mengine ndiyo yamenileta.

Unakumbuka kijana wangu alivyopata jina. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume ni baba wa mume wako, hakuna mjadala. Basi alipozaliwa hakuzaliwa mtoto. Alizaliwa baba mkwe wangu, Mzee Mwangi wa Ngoliba, amerudi bila meno. Mimi mzee mwenyewe sikumkuta, alikufa kabla sijaolewa, lakini sifa zake nilizikuta zimekaa sebuleni zinaningoja. Mtu wa maneno machache. Mtu wa fimbo. Ukisogeza mpaka wa shamba lake hata kwa unyayo mmoja, mzee hakuulizi, anakupiga. Na watu wa kwao walisimulia hayo wakicheka kwa fahari, kama wanasimulia fahali waliyemfuga wenyewe.

Nami nikajivunia. Mtoto alitoka mkubwa mpaka muuguzi akaita wenzake waje waone. Nilipita naye mbele ya geti la kiwanda kule Industrial Area, bado niko kwenye likizo ya uzazi, ili tu wenzangu wa laini ya kushona mifuko wamwone. Dada yake, Wanjiku, nilimwita Wanjiku. Nilimgombeza, nikamwimbia, nikamtania. Huyu jina lake ni Mwangi, lakini tukamwita Guka, yaani babu. Sasa Nafula, ni nani anamwimbia baba mkwe wake? Ni nani anamfinya baba mkwe mashavu amwambie "sema ma-ma-ma"? Nilimpa heshima. Nilimpa titi, nikampa uji, nikampa njia apite. Maneno nikampa Wanjiku.

Alipofika miaka miwili bila neno tukasema, mzee hakuwa mtu wa maneno. Alipoanza kuuma watoto tukasema, mzee amekasirika. Baba Wanjiku alikuwa anarudi jioni nguo zikinuka chuma alichochomelea, na kabla hajavua viatu anauliza, "Leo Guka amechapa nani?" Anatajiwa, anacheka, anamrusha juu. Mtoto akiona babake amefurahi hivyo, kesho anachapa wawili.

Wewe tu ndiye hukucheka.

Naiona ile nyumba yako ya chumba kimoja, pazia la bluu, mkeka, sufuria ya uji, na watoto wa wamama wa viwandani wamelala mmoja huku mwingine kule kama mahindi yaliyoanikwa. Jioni moja nilikuja kumchukua nikakukuta umepiga magoti mbele yake. Kiganja chako kifuani pake. Wewe kimya, yeye kimya, mnaangaliana kama watu wawili wanaosikiliza mvua ikija kwa mbali. Nikadhani unamwombea. Nikasema, "Huyo hana pepo, ana nguvu tu." Ukaniambia bila kugeuka:

"Ngoja. Neno liko njiani."

Mimi nilikuwa na maharagwe juu ya jiko. Nikamnyakua, nikaenda. Mpaka leo najiuliza lile neno lilikuwa limefika wapi.

Halafu siku ile. Lazima niitaje.

Nilitoka kazini nikakuta wamama wamejaa mlangoni pako. Guka alikuwa amempiga mtoto wa Mama Kevo kwa kikombe cha bati, hapa juu ya jicho, na damu imeshuka mpaka kwenye fulana. Unajua nilifanya nini? Nilimkagua kwanza wangu kama ameumia. Halafu nikasema kwa sauti, "Guka leo ameamka na mori!" Wengine wakacheka. Mama Kevo hakucheka.

Ukanivuta kando, lakini ploti haina kando. Ukasema, "Mama Wanjiku, huyu mtoto hana hasira. Hana maneno. Kevo alichukua kikombe chake. Yeye akatafuta neno la kusema nirudishie, akalikosa, mkono ukafika kwanza. Mpeleke hospitali wamwangalie masikio. Wangu alikuwa hivi hivi."

Wangu alikuwa hivi hivi. Ulisema kwa sauti ya chini. Ulinipa kitu ambacho hukuwahi kumpa mtu mwingine kwenye ploti ile, na mimi nikakipokea kama tusi. Mtoto wangu afananishwe na Wekesa? Wekesa aliyekuwa ndani mwaka wa pili kwa kumpasua mtu kwa chupa, eti kwa sababu mtu huyo alimcheka anavyoongea? Nikaweka mkono kiunoni, nikasema mbele ya wote:

"Kama wewe ni daktari wa wavulana, wako yuko wapi?"

Uliinama ukaokota kile kikombe, ukakifuta kwa pindo la leso, ukakipanga na vingine.

Ndivyo tulivyoachana. Mwezi ule ule tukahamia Ruiru. Nikawaambia watu ni kazi ya Baba Wanjiku imetuhamisha. Ilikuwa nusu kweli.

Ruiru ni pazuri, nisikufiche. Tuna chumba na sebule, na nyuma ya ukuta kuna kipande cha kahawa ambacho hakijageuka maghorofa. Kiwanda niliacha, nina cherehani yangu, nashona sare za shule. Si kujisifu, lakini ukikutana na sketi hapa mjini marinda yake yamelala kama kurasa za Biblia, hiyo usiulize, ni yangu.

Nikampeleka Guka nasari. Siku ya tatu mwalimu, msichana mdogo mwenye adabu, akanikabidhi mtoto na mkoba wake getini. "Mama Mwangi," akasema, "huyu aangaliwe kwanza. Anaumiza wenzake, na nikimwita hageuki." Nikafungua mdomo nimweleze habari za Guka na mori. Hakuna kilichotoka. Mimi! Nikasimama pale nimemshika mkono, naye akaniangalia kutoka chini, na ndiyo mara ya kwanza nikaona macho yale hayana ukali wowote. Yalikuwa macho ya mtu anayengoja kuambiwa kinachoendelea.

Nikasikia sauti yako. Wangu alikuwa hivi hivi.

Kliniki tulikaa kwenye benchi refu. Nikaanza kuchunguza majirani, unanijua. Wa kwanza ni kijana, haongei. Wa pili kijana, hatulii. Wa tatu kijana, ukimgusa anapiga kichwa ukutani. Benchi zima niliona msichana mmoja tu, nikamuuliza mamake, huyu naye ana shida gani? "Huyu? Huyu hana shida, amesindikiza kaka yake. Yeye ndiye msemaji wake." Tukacheka wote. Halafu kila mama akamvuta wake karibu, kwa sababu wote tulikuwa tumeona: ni vijana watupu.

Nilipoingia kwa yule mama anayefundisha watoto kuongea, swali langu la kwanza halikuwa hata la Guka. Nikamuuliza, kwa nini wavulana? Akaweka kalamu chini. Akasema hata waliomfundisha hawajui yote. Wavulana wengi huiva polepole kuliko dada zao, akasema, tangu tumboni wanadhurika upesi zaidi, na maneno huwachelewea mara nyingi.

"Lakini hiyo ni nusu," akasema. "Nusu nyingine ni sisi. Mtoto ambaye maneno yamemchelewea ndiye anahitaji kuongeleshwa sana, na huyo ndiye tunamwongelesha kidogo. Akilia, tunamwambia mwanaume halii. Akipiga mtu, tunacheka. Sasa mama, machozi umemkataza, maneno hana. Umemwachia mlango gani?"

Nikaangalia mkono wa Guka ulivyolala kwenye meza yake. Mkono mdogo, Nafula. Nilikuwa nimesahau kwamba ni mdogo.

Wakamwangalia masikio. Kulikuwa na maji nyuma ya ngoma ya sikio, masikio yote mawili, ya siku nyingi, kwa sababu ya yale mafua yake yasiyokwisha ambayo wewe ulikuwa unayafuta kutwa nzima. Si kiziwi, akasema, ila anasikia kama mtu aliye chini ya maji. Unaona ndoto yangu ilipotoka. Baadaye maji hayo waliyatoa. Na kabla hatujaondoka akaniuliza, kwenu kuna mwingine aliyechelewa kuongea? Nikasema hapana, kwetu midomo haijui kupumzika. "Na upande wa baba?"

Sikujua. Jumamosi nikamshika Guka mkono tukaenda Ngoliba kwa shosho wake, mama wa Baba Wanjiku.

Kule unakujua, jua na vumbi na mbuzi, na joto linatetemeka juu ya njia mpaka mtu anayekuja mbele yako anaonekana kama anaelea. Shosho alikuwa anapepeta mbaazi. Nikamuuliza, yule mzee alianza kuongea akiwa na umri gani? Nilidhani atacheka. Akasukuma ungo kando.

"Nani amekuambia?"

Akanieleza jambo ambalo hata mwanawe hakuwahi kumwambia. Mzee Mwangi alikuwa mtu wa maneno yanayokwama. Neno linakuja mpaka mlangoni, linakataa kutoka, uso unajaa damu. Utotoni wenzake walimcheka, na babake akamchapa ili aongee vizuri. Basi akajifunza kupiga kabla hajachekwa. "Watu walisema ni mkali," shosho akasema. "Mimi nimelala naye miaka na miaka. Hakuwa mkali. Alikuwa anaogopa kuulizwa kitu."

Halafu akatabasamu, akaniambia kwamba jioni, mzee akiwa kule bondeni na mbuzi wake, akidhani yuko peke yake, alikuwa anaongea nao vizuri kabisa. Hadithi ndefu, na vichekesho pia. Na yeye shosho alikuwa anajificha nyuma ya ua wa minyaa kumsikiliza mume wake mwenyewe. "Nilikuwa nawaonea mbuzi wivu," akasema. Akacheka, machozi yakamtoka, akayafuta kwa mkono wenye maganda ya mbaazi.

Tukakaa pale tunamwangalia Guka akifuata mbuzi kwenye lile vumbi, jua limeshuka, yeye na mbuzi wote wamekuwa rangi moja ya dhahabu. Na nikafikiri, tulikuwa na haki kusema mzee amerudi. Amerudi kweli, na tumemfanyia yale yale.

Sasa sikiliza hii, hii utaipenda.

Wiki iliyofuata nilikuwa namsuka Wanjiku. Unajua mimi na kusuka. Mtoto anakaa chini katikati ya magoti yangu, saa mbili, saa tatu, na mdomo wangu haufungi. Namuuliza ya shule, namsimulia ya utoto wangu, namwambia nani ameolewa na nani na mapambo yalikuwa mabaya namna gani. Ananijibu, ananibishia. Nikainua macho nikamwona Guka anatuangalia. Kichwa chake kimenyolewa safi. Dakika tano kwa kinyozi, haya, toka nje ukacheze.

Mkono wangu ukasimama kwenye nywele za Wanjiku. Saa zote hizo tangu nimzae huyu msichana, Jumamosi baada ya Jumamosi, maneno yangu yote yamemwagika kwenye kichwa kimoja. Kwa sababu kile kingine hakikuwa na nywele za kusuka.

Nilipommaliza nikasema, "Guka, kuja. Ni zamu yako."

Alikaa mgumu kama gunia la mchanga. Nikachukua mafuta, nikachukua kitana, nikaanza kumsuka nywele ambazo hazipo. Mstari kwa mstari, polepole, na kila mstari nikaufanya njia. Hii ni njia ya Ngoliba. Hapa kuna mbuzi wa mzee, mmoja, wawili, yule mweusi ni mwizi wa mahindi. Hapa tunavuka mto Chania, unasikia maji? Shhhh. Hapa tunaingia Thika, harufu ya mananasi. Hapa kuna geti la bluu, tunabisha hodi, ni kwa nani? Kwa Mama Wekesa. Anapika uji.

Nilifika nyuma ya sikio nikasikia kichwa chake kimekuwa kizito. Alikuwa amekilaza juu ya goti langu.

Tangu hapo kila Jumamosi, dada kwanza, yeye baadaye. Majirani wakaja kuchungulia. "Mama Wanjiku, leo tena unamsuka mzee?" "Namsuka, na ana miadi saa tisa, msinicheleweshe!" Baba Wanjiku alinuna, akasema nitamfanya kijana awe laini. Nikamwambia, babako alikuwa akiongea na mbuzi. Nikamweleza yote. Hakumaliza ugali wake. Jumamosi nyingine nikatoka sokoni nikamkuta kwenye ngazi, ile mikono yake yenye alama za moto imeshika kitana, anamuuliza mtoto, "Na hapa tunapita wapi?" Nikarudi nyuma ya ukuta nikajificha kusikiliza. Kama shosho.

Na kila tukifika kwenye uji wako, Guka anaweka kiganja kifuani. Chake mwenyewe. Ilinichukua muda kuelewa anakukumbuka.

Neno la kwanza lilikuwa "uji". La pili "buzi". Hapo ndipo ningekuja, Nafula. Thika na Ruiru si safari, mtu anaenda kununua nyanya anarudi. Lakini mimi ni mimi. Nikasema neno moja ni nini, ngoja awe na sentensi. Nitamshonea shati la mikono mirefu, nitabisha hodi, na yeye mwenyewe akusalimie "mulembe" mbele ya ploti nzima, Mama Kevo akiwepo. Halafu ndiyo niseme nisamehe. Nilitaka hata msamaha wangu upigiwe makofi. Nikamfundisha mulembe wiki baada ya wiki. Wewe unakohoa kule, mimi huku nashona vifungo.

Mama Kevo ndiye aliyenipigia simu. "Mama Wekesa ametuacha. Ni kifua, na baridi hii. Leo wanampeleka kwao Bungoma." Nilitoka mbio na Guka, kitambaa nikakiacha kwenye sindano. Tulipofika gari lilikuwa limeshaondoka. Ploti imefagiliwa. Mlango wako una kufuli, pazia halipo, na kile kiti kifupi kimeachwa nje kama vile mwenyewe ameingia ndani kuchukua kitu.

Nikasema, Guka, twende, hayuko. Akabisha hodi. Nikasema tena, hayuko. Nilitaka kumweleza zaidi, nikashindwa. Akageuka. Akapanda juu ya kile kiti chako ili anifikie, akaweka kiganja chake kifuani. Si pake. Pangu. Akaniangalia vile ulivyokuwa unawaangalia.

"Ngoja, Mami," akasema. "Neno iko njia."

Hiyo ndiyo habari niliyokuwekea. Hiyo ndiyo sentensi yake ya kwanza, na haikuwa mulembe, na hakuna aliyepiga makofi. Ilikuwa mchana, kuku wanaparua, nguo za watu zimening'inia kwenye kamba yetu. Tulingoja pale, mimi na yeye, mpaka neno langu likafika. Lilikuwa nisamehe. Nililisema kwa kufuli.

Sasa anaongea, Nafula. Anaongea polepole, herufi nyingine anazimeza, na akikwama tunakaa. Kupiga hakujaisha kabisa, nisikudanganye, lakini juzi kijana wa jirani alimnyang'anya mpira nikauona mkono ukipanda, ukasimama hewani, na mdomo ukahangaika, ukahangaika, halafu: "Yangu! Rudisha!" Nilipiga kigelegele mpaka landilodi akatoka. Mtoto gani mwingine Ruiru hii anasema "rudisha" vizuri hivyo? Nitajie nimsikie.

Limebaki moja.

Nilikwenda kumwona Wekesa gerezani. Hakukuzika, nikasema basi mtu wa ploti amfikie. Tulikaa na waya katikati yetu. Amekonda, na ana macho yako, hakuna aliyewahi kuniambia ana macho yako. Nikamwambia mulembe. Akafungua mdomo, neno likakwama, uso ukajaa damu, vile vile alivyosema shosho. Na mimi nikaogopa. Nikamrukia nikamsaidia: "Najua, najua, pole, mama alikuwa mtu mzuri." Nikaendelea. Nikamweleza Guka, kahawa, sketi, mbuzi. Niliongea mpaka muda ukaisha. Nilipofika nje nikakumbuka sikulisikia hata neno lake moja. Nilikuwa nimemnyakua kama nilivyomnyakua Guka, na neno lilikuwa njiani.

Basi hii ndiyo ahadi yangu, na ni ngumu kuliko yoyote niliyowahi kutoa, hata ile ya kanisani. Nitarudi mwezi huu, na kila mwezi mpaka atoke, na nitanyamaza. Mimi, mdomo wa ploti nzima. Nitaweka kiganja kwenye ule waya na nikae. Likikawia, likawie. Hata muda wote ukiisha kwa neno moja, nitatoka na hilo moja. Na siku atakapotoka, kile kiti chako ninacho mimi, ndicho ninachokalia nikisuka. Kama atakuwa hajanyoa, nitamsuka kweli, mstari mpaka Bungoma.

Na yale niliyoyasema kuhusu yeye siku ile, nikiwa nimeweka mkono kiunoni, nitamwambia nilisema mimi, na kwamba wewe uliokota kikombe.

Pumzika, Nafula. Ukija tena ndotoni kaa pale pale kwenye maua ya kahawa, usiongeze sauti. Ni mimi nitasogea.

Guka amesema tutaenda wote kwa Wekesa. Amesema mwenyewe, kwa mdomo wake, na akaongeza, "Mami, wewe nyamaza."

Mulembe,

Mama Wanjiku wako